Umbali Mmoja, Nyakati Tatu: Somo la Safari ya Ndege kutoka London hadi Istanbul



Ndugu msomaji, kila mwaka wapo miongoni mwetu wanaopata nafasi ya kwenda kusoma Ulaya, na wengi wao hupitia Istanbul, kwa kuwa ndege za Turkish Airlines zinatua Entebbe na Kigali na kutoka huko abiria huunganishwa na miji mingine. Msafiri hujiandaa kwa mengi: viza, barua ya chuo, nguo za baridi, pesa ya kuanzia. Jambo moja husahaulika, nalo ni kujua safari yenyewe ni ya muda gani na muda huo unapimwa kwa kitu gani.

Mtu huichukua tiketi yake, akasoma saa ya kuondoka na saa ya kufika, akatoa moja kwa nyingine, akapata jibu. Jibu hilo mara nyingi si sahihi. Na juu ya jibu lisilo sahihi anapanga ndege yake ya pili, swala zake, na kama ni Ramadhani, futari yake.

Katika somo hili tutachukua kipande kimoja cha safari, London hadi Istanbul, tukipime hatua kwa hatua. Tutaona kwamba umbali ni mmoja, lakini nyakati ni tatu: muda wa ndege angani, saa ya ukutani, na mwendo wa jua. Mwenye kuzitenganisha tatu hizi hatahangaika. Chukua kalamu na kikokotoo, tuanze.

1. UMBALI

Dunia ni mviringo. Kwa hiyo njia fupi kati ya miji miwili si mstari ulionyooka kwenye ramani ya ukutani, bali ni kipande cha duara kubwa linaloizunguka dunia na ambalo kitovu chake ni kitovu cha dunia. Wataalamu huliita duara kuu. Ukitaka kuliona, chukua tufe la dunia na uzi, uvute uzi ukakamae kati ya miji miwili. Pale uzi unapolala ndipo ilipo njia fupi.

Ili kuipata kwa hesabu tunahitaji latitudo na longitudo za miji yote miwili:

London: nyuzi 51.5 Kaskazini, nyuzi 0.1 Magharibi.
Istanbul: nyuzi 41.0 Kaskazini, nyuzi 29.0 Mashariki.

Moja iko Magharibi ya mstari wa sifuri na nyingine Mashariki, kwa hiyo longitudo zinajumlishwa: 0.1 + 29.0 = nyuzi 29.1. Sasa tunatumia kanuni ya pembetatu za tufe, ambapo D ni pembe kati ya miji hiyo ikipimwa kutoka kitovu cha dunia:

kos D = (sin 51.5 × sin 41.0) + (kos 51.5 × kos 41.0 × kos 29.1)
kos D = (0.7826 × 0.6561) + (0.6225 × 0.7547 × 0.8738)
kos D = 0.5135 + 0.4105 = 0.9240
D = nyuzi 22.5

Uzi mmoja una dakika 60, na kila dakika ya duara kuu ni maili moja ya baharini, yaani mita 1,852. Basi 22.5 × 60 = maili 1,350 za baharini, na 1,350 × 1.852 = kilomita 2,500.

Huo ndio umbali: kilomita 2,500 kwa makadirio mazuri, mji hadi mji. Je, ukifuata mwelekeo mmoja wa dira bila kuubadilisha, kama mstari ulionyooka kwenye ramani za mabaharia unavyokuonyesha? Utapata kilomita 2,515 hivi. Tofauti ni ndogo kwa sababu safari ni fupi. Kadiri miji inavyokuwa mbali kutoka mashariki hadi magharibi, tofauti hiyo hukua.

Hesabu hii si ngeni katika turathi yetu. Al-Biruni, aliyezaliwa mwaka 973, aliandika kitabu kizima cha kupima nafasi za miji, na moja ya makusudio yake lilikuwa kuupatia mji wa Ghazna kibla sahihi. Hakuwa na ndege wala kikokotoo. Alikuwa na haja ya ibada, na haja hiyo ikamfundisha jiometri ya tufe.

2. WAKATI WA KWANZA: MUDA WA NDEGE ANGANI

Ndege kubwa ya abiria ikishafika juu huenda kwa kasi ya kilomita 850 kwa saa hivi. Ukigawanya 2,500 kwa 850 unapata saa 2.94, yaani saa 2 na dakika 56. Lakini ndege haianzi safari ikiwa na kasi hiyo. Inaondoka kwenye geti, inatembea ardhini, inasubiri zamu, inapaa taratibu, na mwishoni inashuka, inapanga foleni ya kutua na kutembea tena hadi kwenye geti. Ongeza dakika 45 hadi saa nzima kwa hayo yote. Ndiyo maana ratiba za London kwenda Istanbul huwa karibu saa 3 na dakika 50, geti hadi geti.

Mbona kurudi huchukua muda zaidi, karibu saa 4 na robo? Umbali haukubadilika. Kilichobadilika ni upepo. Katika anga za juu za Ulaya, kwenye kimo cha kilomita 9 hadi 12 ambako ndege hupita, upepo mkali huvuma zaidi kutoka magharibi kwenda mashariki. Ukienda Istanbul unasukumwa mgongoni. Ukirudi London unapigwa usoni.

Tuchukue upepo wa kilomita 50 kwa saa:

Kwenda: 850 + 50 = 900. Basi 2,500 ÷ 900 = saa 2 na dakika 47.
Kurudi: 850 – 50 = 800. Basi 2,500 ÷ 800 = saa 3 na dakika 7.

Tofauti ni dakika 20. Upepo ukiwa wa kilomita 100 kwa saa, tofauti inapita dakika 40. Na tazama jambo la ajabu: ukijumlisha kwenda na kurudi, safari yenye upepo ni ndefu kuliko safari isiyo na upepo. Upepo haukurudishii wakati wa kwenda kiasi kile kile unachokunyang'anya wakati wa kurudi, kwa sababu unapokwenda polepole unakaa ndani ya upepo huo kwa muda mrefu zaidi.

Jambo jingine linaloongeza muda ni njia. Ndege haifuati duara kuu kwa usahihi; inapita katika njia za anga zilizopangwa, inakwepa dhoruba, na inakwepa nchi zilizofungwa. Safari ya Helsinki kwenda Tokyo ilikuwa ya saa 9 hivi. Baada ya anga ya Urusi kufungwa kwa ndege za Ulaya mwanzoni mwa mwaka 2022, ikawa ya saa 13 hivi. Miji haikusogea hata hatua moja. London na Istanbul hazikuguswa sana na hilo, kwa kuwa njia yao inapita juu ya Ubelgiji, Ujerumani, Austria, Hungaria na nchi za Balkani.

3. WAKATI WA PILI: SAA YA UKUTANI

Saa zote zilizoandikwa kwenye tiketi ni saa za mahali husika. Saa ya kuondoka ni ya mji unaotoka, na saa ya kufika ni ya mji unaofika. Kanuni hii ni rahisi kuijua na ni rahisi kuisahau.

Uturuki hutumia saa moja mwaka mzima tangu mwaka 2016, saa 3 mbele ya saa ya kimataifa ya UTC, sawa na Kampala, Nairobi na Dar es Salaam. Mwenzetu wa Kigali, Bujumbura au Goma yuko nyuma ya Istanbul kwa saa moja. Uingereza yenyewe hubadilika: wakati wa baridi iko sawa na UTC, na kuanzia Jumapili ya mwisho ya Machi hadi Jumapili ya mwisho ya Oktoba husogeza saa mbele kwa saa moja. Kwa hiyo Istanbul iko mbele ya London kwa saa 3 wakati wa baridi, na kwa saa 2 wakati wa joto.

Tuchukue mfano wa ratiba ya Desemba. Ndege inaondoka London 11:30 na kufika Istanbul 18:20. Kwa hesabu yetu ya Kiswahili, inaondoka saa tano na nusu asubuhi na kufika saa kumi na mbili na dakika ishirini jioni. Anayetoa moja kwa nyingine anapata saa 6 na dakika 50, akadhani ni safari ya nusu siku. Toa zile saa 3 za tofauti: saa 3 na dakika 50. Hiyo ndiyo safari.

Kurudi: ndege inaondoka Istanbul 14:00 na kufika London 15:15. Kwa macho ni saa moja na robo. Ongeza saa 3: saa 4 na robo.

Kosa hapa lina gharama. Fikiria mwanafunzi anayetoka London kurudi nyumbani, na ndege yake ya pili inaondoka Istanbul 19:30. Simu yake ameizimia mtandao tangu London, na bado inaonyesha saa ya London. Ndege inapofika getini, simu inamwambia 15:20. Anasema moyoni, "Nina saa nne, nitapumzika, nitakula." Ukweli ni kwamba Istanbul ni 18:20, amebakiwa na saa moja na dakika kumi, na geti hufungwa kabla ya saa ya kuondoka. Atakapogundua, ndege imeshapaa na tiketi mpya ni pesa za muhula mzima. Basi badilisha saa yako mara tu unapokaa kwenye kiti, kabla ndege haijapaa.

4. WAKATI WA TATU: MWENDO WA JUA

Saa ya ukutani ni makubaliano ya serikali. Jua halina habari na makubaliano hayo. Dunia inazunguka nyuzi 360 kwa saa 24, yaani nyuzi 15 kwa saa, au uzi mmoja kwa dakika 4. Kati ya London na Istanbul kuna nyuzi 29.1 za longitudo. Basi 29.1 × 4 = dakika 116, yaani saa 1 na dakika 56.

Hapa ndipo wengi hukosea. Desemba saa za ukutani zinatofautiana kwa saa 3, lakini jua linatofautiana kwa saa 2 kasoro. Ndiyo maana Adhuhuri ya London mwezi huo huingia karibu saa 6 kamili mchana, lakini ya Istanbul huingia karibu saa 7 mchana kwa saa ya huko. Wala usichukue ratiba ya swala ya London ukaiongezea saa 3 ili kupata ya Istanbul. Hazitalingana, kwanza kwa sababu hiyo tuliyoitaja, na pili kwa sababu London iko kaskazini zaidi na mchana wake wa Desemba ni mfupi kuliko wa Istanbul.

Sasa weka ndege juu ya hesabu hii. Anayeruka kwenda mashariki anakimbilia upande ambako jua hutua mapema. Mchana wake unafupika. Anayeruka kwenda magharibi anaandamana na jua. Mchana wake unarefuka.

5. HESABU HII NA SWALA ZAKO

Kwanza, je, safari hii inampa mtu ruhusa ya msafiri? Kufupisha swala safarini kumetajwa katika Suratun Nisaa, aya ya 101. Ama kiwango, kinachotajwa sana katika vitabu vya fikihi ya Kishafii ni burud nne, yaani farsakh 16, ambazo ni maili 48 za zamani. Wanavyuoni wa zama zetu wamezigeuza kuwa kilomita 80 hadi 90 kwa makadirio. Kilomita 2,500 ni karibu mara thelathini ya hapo. Wala mtu asiseme, "Nimekaa kwenye kiti saa nne tu, nina safari gani?" Kwa Mashafii kinachoangaliwa ni umbali, si muda wala uchovu. Hata mwenye kuukata umbali huo kwa muda mfupi sana, hukumu yake ni ya msafiri.

Pili, lini utaswali? Hapa ndipo nyakati tatu zinapokutana. Tuirudie ndege ya Desemba, karibu na tarehe 21.

KWENDA, DESEMBA. Ndege inaondoka getini London 11:30. Adhuhuri huingia karibu saa 6 kamili. Kwa hiyo unapopanda ndege, Adhuhuri bado, na huwezi kuitanguliza wala kuijumuisha na Alasiri kabla ya wakati wake. Wengine husema, "Basi nitachelewesha zote mbili, niziswali pamoja nikifika." Tupime. Ndege inafika getini 18:20. Jua la Istanbul siku hizo huzama karibu 17:40, yaani saa kumi na moja na dakika arobaini jioni. Ukifika, Magharibi imeshaingia na Alasiri imeshatoka. Kuchelewesha hakukusaidii, na kutanguliza hakukuwezekana.

Maana yake ni kwamba Adhuhuri na Alasiri zote mbili zinaingia na kutoka ukiwa angani. Adhuhuri inaingia karibu na kupaa. Alasiri inaingia saa moja na kidogo baadaye, ndege ikiwa juu ya Ujerumani ya kusini au Austria. Kisha jua linazama kabla hujatua. Mchana wako, kuanzia Adhuhuri hadi kuzama kwa jua, haufiki saa 3 na nusu. Aliyebaki London anao karibu saa 4. Kwa hiyo safari hii ina jawabu moja: utaswali ndani ya ndege. Ingia ukiwa na udhu, omba kiti cha pembeni mwa njia, na mwombe mhudumu kwa adabu nafasi ya kusimama karibu na jiko la ndege kabla au baada ya chakula. Ukikataliwa au hali ya hewa ikizuia kusimama, usiache wakati utoke. Swali kadiri unavyoweza. Iwapo utalazimika kuirudia swala hiyo ni suala ambalo wanavyuoni wana maelezo nalo, basi muulize sheikh wako kabla ya safari, usingoje baada yake.

KWENDA, JUNI. Ndege ile ile inaondoka 11:30, lakini saa za ukutani zinatofautiana kwa saa 2, kwa hiyo inafika 17:20. Mwishoni mwa Juni, Alasiri ya Istanbul huingia dakika chache baada ya saa 11 jioni, na jua huzama baada ya saa mbili na nusu usiku. Unatua Alasiri imeingia na una zaidi ya saa 3 mbele yako. Ukitia nia ya kuchelewesha Adhuhuri wakati wake ungalipo, utaziswali zote mbili uwanjani kwa utulivu. Ndege moja, njia moja, na mpango tofauti kabisa.

KURUDI, DESEMBA. Unaondoka Istanbul 14:00. Adhuhuri imeshaingia tangu saa 7 mchana. Msafiri anaiswali uwanjani na kuitanguliza Alasiri pamoja nayo, anapanda ndege akiwa ametulia. Asipofanya hivyo, anafika London 15:15 na jua linazama karibu 15:53. Dakika 38 hizo zote zinaweza kumalizikia kwenye foleni ya uhamiaji. Na tazama: kutoka Adhuhuri ya Istanbul hadi kuzama kwa jua la London, mchana wake umekuwa karibu saa 6.

6. SAUMU NA FUTARI

Aliyefunga angani hafuturu kwa saa ya London aliyotoka, wala kwa ratiba ya Istanbul anakokwenda, wala kwa tangazo la mji ulio chini yake. Anafuturu jua linapozama pale alipo yeye. Ndege ikiwa kwenye kimo cha kilomita 11, upeo wa macho unashuka, na jua huonekana kwa zaidi ya dakika 10 baada ya kuzama kwa watu wa ardhini. Anaweza kuchungulia akaona taa za mji chini, watu wameshafuturu, na yeye bado jua liko dirishani. Asubiri. Anayekwenda mashariki atangulize kukumbuka kwamba saumu yake itakuwa fupi, kwa hiyo awe na tende mfukoni. Anayekwenda magharibi ajue kwamba itarefuka, naye msafiri ana ruhusa ya kula na kulipa, kama ilivyo katika Suratul Baqarah, aya ya 184 na 185.

7. KIBLA

Kanuni ile ile ya tufe iliyotupa umbali hutupa na mwelekeo. Kibla cha London ni nyuzi 119 kutoka Kaskazini kwa kufuata mwendo wa mishale ya saa. Cha Istanbul ni nyuzi 152. Kwa duara kuu, ndege inaondoka London ikielekea nyuzi 106 na kukaribia Istanbul ikielekea nyuzi 128. Linganisha namba hizo: mwanzo wa safari kibla kiko nyuzi 13 kulia mwa pua ya ndege, na mwisho wa safari kiko nyuzi 24 kulia. Kwa hiyo ukienda Istanbul, elekea mbele na uinamishe mwelekeo wako kidogo kulia. Ukirudi London, geukia mkia wa ndege, kisha kidogo kulia. Ndege ikipindisha njia, angalia ramani iliyo kwenye skrini ya kiti na ujirekebishe.

8. KANUNI ZA KUSHIKA

Kwanza, umbali uupate kwa latitudo na longitudo, si kwa rula juu ya ramani.

Pili, gawanya umbali kwa 850, kisha ongeza dakika 45 hadi saa nzima. Ukielekea mashariki tarajia pungufu kidogo, ukielekea magharibi tarajia zaidi.

Tatu, saa za tiketi ni za mahali. Ukielekea mashariki toa tofauti ya saa, ukielekea magharibi iongeze.

Nne, jua lihesabu kwa dakika 4 kwa kila uzi wa longitudo, wala usilitafute kwenye saa ya ukutani.

Tano, andika kwenye karatasi moja, kabla ya safari, saa ya kuondoka, saa ya kufika, na nyakati za swala za miji yote miwili kwa tarehe hiyo hiyo. Weka zote kwa saa moja, yaani UTC, ndipo ulinganishe.

ZOEZI

Madrid iko nyuzi 40.4 Kaskazini na 3.7 Magharibi. Warszawa, mji mkuu wa Poland, iko nyuzi 52.2 Kaskazini na 21.0 Mashariki. Tafuta (a) umbali kati yao, (b) makadirio ya muda wa safari geti hadi geti, (c) tofauti ya saa za ukutani, ukijua kwamba Hispania na Poland hutumia saa moja, na (d) tofauti ya jua.

Majibu yako yakaribiane na haya: (a) kilomita 2,290, (b) karibu saa 3 na nusu, (c) hakuna tofauti, (d) dakika 99. Ukifika jibu la mwisho, tua kidogo ulitafakari. Msafiri huyu hatagusa saa yake ya mkononi kutoka mwanzo hadi mwisho wa safari, na huku jua limemtangulia kwa zaidi ya saa moja na nusu. Asiyejua hesabu hii ataitazama saa yake, aione haijabadilika, na Alasiri itoke akiwa na uhakika kwamba ana muda.

Ndugu zangu, dini yetu imefungamanisha ibada na jua, na safari zetu zimefungamanishwa na tiketi. Kati ya viwili hivyo kuna hesabu ya dakika kumi ambayo mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anaiweza. Kaa na mwenzako anayesafiri muhula huu, chukueni tiketi yake, mfanye hesabu hii pamoja kabla hajaondoka.

Mwenyezi Mungu awajaalie wasafiri wetu safari ya salama, elimu yenye manufaa, na marejeo mema. Wallaahu a'lam.